Siku ya Tatu Mtupe Jembe



Sisi tulitoka Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Katika fujo zile, watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya nzima na mamia ya maelfu walihama makwao.

Kule tuliitwa madoadoa, tukaambiwa, "Rudini kwenu Kisii." Tulipofika hapa Kisii na Nyamira, tukaitwa "watu wa Rift". Basi kwetu ni wapi? Wengine tulizaliwa huko, hata Kikisii chetu mwakicheka.

Mlitupokea, tukalala jikoni kwenu. Asanteni sana. Lakini kwa kuwa hatukukaa kambini, wengi wetu hatukuandikwa msaada ulipotolewa. Na shamba la babu tulikuta limekwisha kugawanywa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Ni haki kubwa. Lakini mtu hujiona ni wa hapa pale jina lake linapoitwa kikundini: anaweka akiba, anakopa, anamwuliza mweka hazina hesabu, naye anajibiwa.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilipita zamani. Kwa hiyo msituulize tena, "Mtarudi lini?" Tuulizeni, "Mchango wenu wa mwezi huu uko wapi?" Hapo tutajua tumefika nyumbani.