Ukaguzi wa Mazingira Usiwe Kikwazo cha Usafiri wa Umma

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Jimbo la California, nchini Marekani, limehangaika baina ya methali hizo mbili kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1970 jimbo hilo lilitunga sheria ya kulinda mazingira. Haja ilikuwapo. Katika miaka ya 1950 barabara kuu ya magari ilipitishwa katikati ya West Oakland, makazi ya wafanyakazi weusi, na nyumba nyingi zikabomolewa. Sheria mpya iliamuru kwamba athari za mradi zichunguzwe kabla ya mradi kuidhinishwa, wananchi watoe maoni yao, na asiyeridhika aweze kwenda mahakamani.

Hata hivyo, ngao hiyo iligeuka kizuizi. Kwa miaka mingi madhara ya mradi yalipimwa kwa kutazama magari yanavyocheleweshwa kwenye njia panda. Kwa kipimo hicho, njia maalumu ya basi lililobeba abiria wengi iliweza kuhesabiwa kuwa yadhuru mazingira, kwa kuwa iliwabana wenye magari binafsi!

Mjini San Francisco, uchunguzi wa njia ya mabasi ya Van Ness, yenye urefu wa kilomita 3 hivi, ulianza mwaka 2007 ukamalizika mwaka 2013. Mabasi yalianza kuitumia tarehe 1 Aprili 2022. Si haki kuulaumu uchunguzi kwa miaka yote hiyo, maana kazi ya kubadilisha mabomba ya maji chini ya barabara nayo ilichelewesha ujenzi. Lakini miaka 6 ya makaratasi, kwa njia inayopita juu ya barabara iliyokwisha kuwapo, ni mingi mno. Aliyeumia ni mfanyakazi aliyesimama kituoni akingojea basi.

Ndipo sheria ikarekebishwa. Sheria ya mwaka 2013 iliagiza kipimo cha zamani kiachwe, na tangu Julai 2020 hutazamwa jumla ya mwendo ambao mradi utawafanya watu watembeze magari. Mwaka huohuo wa 2020 ilipitishwa sheria nyingine iliyosamehe uchunguzi mrefu kwa njia za mabasi, za baiskeli na za waendao kwa miguu. Mwaka 2022 muda wake ukaongezwa.

Msamaha huo una masharti. Mradi hauruhusiwi kuongeza nafasi ya magari binafsi, wala kubomoa nyumba za watu wa kipato kidogo. Mradi wa gharama kubwa hauna budi kufanyiwa mikutano ya hadhara kwanza.

Ndugu Wanachama, Tanzania nayo ina sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayodai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Funzo la California si kuifuta tathmini. Funzo ni kupima jambo linalostahili kupimwa, kuwasikiliza wahusika mapema, na kuuweka ukomo wa mjadala. Katibu anayeitisha mkutano wa ghala baada ya msingi kuchimbwa amekosea. Na chama kinachojadili ghala hilohilo misimu mitano, huku mazao yakinyeshewa, nacho kimekosea.