Kupiga mukono kule Houtem: maneno tuliyosema mu mukutano wa memba



Sisi wenye tuliishi Ubelgiji, wengi tulijua Bruxelles na Liège, basi. Sint-Lievens-Houtem, kusini-mashariki ya Gent, wachache njo walifika. Ni muji mudogo wa Waflamand. Lakini kila mwaka, tarehe 11 na 12 Novemba, ku sikukuu ya Mutakatifu Martin, uwanja wake unajaa ngombe na wale farasi wanene wa Kibelgiji wenye kuvuta mizigo. Mwaka 2010 UNESCO iliandika soko hiyo kati ya urithi usioshikika wa wanadamu.

Tunataka muangalie namna ya kuuza. Muuzaji anataja bei. Munuzi anamupiga kofi ku mukono na kutaja yake ya chini. Muuzaji anakataa, anarudisha kofi na bei ingine. Vile vile mpaka wanasikilizana, na makuta inatoka palepale. Ni kitu kigeni? Hapana, hata bababu zetu waliuziana mbuzi mbele ya shahidi, bila kalamu.

Lakini musidanganyike na ile mikono. Kule ngombe iko na namba ku masikio yote mbili. Kofi inafunga bei. Namba njo inaonyesha ngombe ilitoka kwa nani.

Sasa kwetu. Kasha inakopesha memba feza ya kununua mbuzi. Mutu amerudia toka Ulaya nyuma ya miaka mingi, hajue tena muuzaji ni mutoto wa nani. Anauziwa mbuzi mugonjwa, ao ya kuibiwa. Mbuzi ikikufa, deni inabakia, na memba mwenye kungoja zamu anakosa.

Kwa hiyo komite inaomba hivi: mbele kasha itoe feza, muganga wa nyama aangalie mbuzi, na majirani wawili waseme wanamujua muuzaji. Kupiga mukono kutakuja nyuma. Wamoja wanasema itachelewesha. Ni kweli, siku mbili tatu. Tunaona afazali ile kuliko deni ya mwaka muzima juu ya mbuzi yenye ilishakufa.

Wasaidizi wetu, mwaka huu hatuombi mbuzi ya kuongeza. Tunaomba malipo ya muganga na usafiri wake.

Kura ni leo, nyuma ya chakula. Kila memba akuje na kadi yake.