Muhogo Waweza Kuwa Kifungashio



Leo tuzungumze juu ya vifungashio. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, waliipiga marufuku mwaka 2008. Sababu mnazijua. Plastiki haiozi upesi. Shambani huzuia maji kuingia ardhini, na ng'ombe akiila aweza kufa.

Wazee wetu walifunga vitu kwa majani ya mgomba. Jani likitupwa huwa mbolea. Je, yaweza kupatikana karatasi laini kama nailoni, nayo ikaoza kama jani? Ndiyo. Hutengenezwa kwa wanga wa muhogo.

Fanya hivi. Menya muhogo, uoshe, uukune. Changanya na maji mengi, kisha chuja kwa kitambaa safi. Acha maji yale yatulie saa chache. Unga mweupe unaobaki chini ndio wanga. Maji ya juu mwaga mbali na mifugo, maana muhogo mchungu una sumu. Anika wanga ukauke.

Chukua wanga vijiko 4 vya chai, maji nusu kikombe, na gliserini ya duka la dawa nusu kijiko cha chai. Koroga kwenye moto mdogo mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Utandaze mwembamba juu ya sinia. Baada ya siku 1 au 2 utakauka, bandua taratibu. Bila gliserini karatasi huvunjika kama jani kavu.

Lakini tusidanganyane. Karatasi hii hunywa maji. Haifai kwa samaki wabichi wala kwa safari ya mvua. Yafaa kwa vitu vikavu na vyepesi, kama kahawa ya kutafuna. Na kabla ya kuuza chakula ndani yake, mwone kwanza bwana afya.

Jambo kubwa zaidi: muhogo ni chakula. Mwaka wa njaa ndio humwokoa mtoto. Kwanza chungu, halafu kifungashio. Mwenye ziada ajaribu kidogo, ahesabu muhogo, kuni na siku alizotumia. Hesabu ikikataa, majani ya mgomba tunayo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini tunatia gliserini?
2. Nyumbani kwako muhogo wa ziada upo? Ni kiasi gani?