Usimlaumu mama sungura

Baridi ya Juni hadi Agosti inapobana Limuru na Njombe, wafugaji huokota vitoto vya sungura vilivyokufa sakafuni mwa kizimba. Lawama humwangukia mama, eti hana huruma. Mara nyingi anasingiziwa. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, kisha anatoka kiotani. Kitoto kilichong'ang'ania chuchu huburutwa nje, na mama, tofauti na paka, hakibebi kukirudisha. Hakina manyoya wala hakioni. Juu ya waya mtupu, hadi alfajiri kimekwisha.

Mimba huchukua siku 31 hivi. Basi siku ya 28 mwekee mama sanduku lenye nyasi kavu na kizingiti mlangoni, vitoto visiburutwe nje. Manyoya ya kutandika atajinyonyoa mwenyewe. Kila asubuhi kagua vitoto kwa mkono (sungura aliyekuzoea hatavikataa kwa harufu yako) na utazame matumbo: la mviringo limeshiba, lililokunjamana limekosa maziwa. Kilichopoa kipashe joto kwanza, ndipo ukirudishe kwa wenzake. Na maji, ndugu msikilizaji, yasikauke: mama mwenye kiu anaweza kweli kula wanawe.