Nyumba ya Miungu Iliyogeuzwa Nyumba ya Mungu



Tumeombwa katika Yubile hii kusema machache juu ya mambo tuliyoyaona Roma tulipokuwa wanafunzi. Wengi warudipo kutoka mji ule husimulia ukubwa wake na dhahabu yake. Sisi twataka kusimulia swali moja tu lililoulizwa ndani ya nyumba moja, na jibu lake.

Nyumba hiyo yaitwa Pantheon, nayo ilijengwa na Kaisari Hadrianus karibu na mwaka wa 125, kuwa hekalu la miungu ya Waroma. Siku moja tulimfuata padre mzee, mwalimu wetu, tukapita kati ya nguzo kubwa za mbele, tukaingia. Mara tukanyamaza sote. Juu yetu palikuwa na kuba la zege lenye upana wa mita 43, wala hapana nguzo hata moja katikati ya kulichukua. Na kutoka sakafuni hata kileleni ni mita 43 vile vile. Kileleni pana tundu la duara, upana wake karibu mita 9, lisilo na kifuniko. Mwanga wa jua huingia humo na kutembea ukutani mchana kutwa. Mvua nayo huingia, ikatoka kwa vitundu vidogo vya sakafu.

Padre akatuuliza, “Kitu kizito namna hii, mbona hakianguki?” Hatukuwa na jibu. Ndipo akatufumbua macho. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya milima ya moto, wakapata zege ngumu sana. Chini walitia mawe mazito. Kadiri walivyopanda walitia mawe mepesi zaidi, hata juu kabisa wakatia jiwe lenye matundu kama sifongo. Unene wa kuba nao wapungua: chini ni karibu mita 6, na kando ya tundu la juu ni mita moja na kidogo. Vile vishimo vya mraba tulivyovidhania kuwa pambo tu, safu 5 za vishimo 28, vyapunguza zege vile vile. Tukatambua ya kuwa waliojenga hivi walifikiri siku nyingi kabla ya kushika mwiko.

Hapo mwenzetu mmoja akasema, “Baba, nyumba hii ilikuwa ya miungu, na leo yasomwa Misa ndani yake. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alipotaka kubatizwa aliambiwa atupe sanamu zake pamoja na tezo lake. Akavitupa vyote mtoni, wala tangu siku ile hakuchonga tena, hata mwiko wa ugali. Je, ufundi wa Waroma ulipokelewa, na wa baba yangu ukakataliwa?”

Tukaogopa, tukidhani padre atakasirika. Hakukasirika. Aliketi kitambo bila kusema neno, kisha akatueleza. Mwaka wa 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa akienda kuhubiri Uingereza, ya kwamba sanamu za miungu ziharibiwe, bali mahekalu yaliyojengwa vema yasibomolewe. Yanyunyiziwe maji ya baraka, na altare ziwekwe ndani yake. Na mwaka wa 609 Papa Bonifasi wa Nne, akiisha kupewa Pantheon na Kaisari Phocas, aliitabaruku kwa heshima ya Bikira Maria na Mashahidi. Ndiyo sababu ingali imesimama, ilhali mahekalu mengi jirani yamekuwa magofu.

Akamaliza hivi: “Mwanangu, aliyemwambia baba yako aache sanamu za miungu alisema kweli. Aliyemwambia atupe tezo alikosa. Tezo halijaabudu miungu kamwe.”

Baadaye alitupeleka katika makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo ya Priscilla. Huko, katika mwanga hafifu, tuliona picha ya Mchungaji Mwema iliyochorwa katika karne ya tatu, amemchukua mnyama wa kundi lake mabegani. Waroma walikuwa na umbo hilo kabla ya Wakristu. Wakristu hawakuona haya kulitumia. Walilipa maana mpya. Padre akatukumbusha tena Papa Gregori, aliyemwonya Askofu Serenus wa Marseille kwa kuvunja picha za kanisani: alimsifu kwa kuzuia watu wasiziabudu, bali alimlaumu kwa kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma kitabu husoma ukutani.

Usiku ule mwenzetu alimwandikia baba yake. Jibu lilikawia miezi mingi. Mzee alisema macho yake yamekwisha kuwa mabovu, hawezi tena kuchonga. Walakini amenunua tezo, na jioni humfundisha mjukuu wake namna ya kulishika.

Basi, walimu wenzetu, katika Yubile hii twahesabu makanisa, shule na waliobatizwa, na ni haki kumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini na tuulizane pia: ni nani kati ya watu wetu aliyetupa tezo lake kwa neno letu? Kama yungali hai, twende kwake kabla macho yake hayajafifia.