Bakuli la Mtoto
Mazungumzo ya redio. Somo: Marko 5:35-43

Akina mama mliorudi kutoka kuchuma chai, akina baba, nanyi nyanya wenye wajukuu mapajani, karibuni.

Somo letu lahusu binti wa Yairo. Alikuwa na miaka 12, naye alikwisha kufa. Bwana Yesu akamshika mkono, akasimama, akatembea. Watu walishangaa mno. Lakini liko jambo ambalo wengi hulipita upesi: katikati ya mshangao ule, Bwana aliwaagiza watu wa nyumbani wamlishe mtoto. Aliyeishinda mauti hakulisahau tumbo la mtoto.

Mimi nililisahau, ndugu zangu, tena nikiwa mzee wa kanisa. Mtoto wetu wa kwanza alipofika miezi 3, likizo ya uzazi ya mama yake iliisha, akarudi shambani kwenye chai. Mtoto akabaki na binti wa ndugu yangu, na chupa ya uji mwepesi, na chai ya maziwa. Nilijisifu nikisema, "Sisi ni watu wa Kericho, na azoee chai mapema."

Alipokuwa na miezi 10 tulimpeleka kliniki. Nesi akamtundika kwenye mzani, akanionyesha mstari wa uzito kwenye kijitabu. Ulikuwa umelala. Akamfunua viganja, vilikuwa vyeupe. Akasema, "Baba, mtoto huyu ana njaa." Nilikasirika. Nikamjibu kwamba sufuria yetu haijakosa uji hata siku moja. Akanijibu kwa upole, "Tumbo lajaa, lakini limejaa maji."

Tangu siku ile nilijifunza, nami nawaambieni. Miezi 6 ya kwanza mtoto atosheke na maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu mwaka 2001. Mama anayekwenda kazini aweza kukamua maziwa yake katika kikombe safi chenye kifuniko, yakawekwa mahali pa baridi, mtoto akanyweshwa kwa kikombe.

Ikitimia miezi 6, maziwa yaendelee, hata kufikia miaka 2 na zaidi, lakini sasa hayatoshi peke yake. Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula laini, mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza pole pole. Uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko na uji ukatiririka kama maji, huo bado si chakula cha mtoto. Akifika miezi 9, ale mara 3 au 4, na apewe vipande laini vya kushika mwenyewe. Akikataa leo, usimlazimishe. Mjaribu tena kesho.

Vyakula tunavyo. Kericho na Bomet hatukosi wimbi, viazi vitamu, malenge, ndizi na parachichi. Ponda maharagwe yaliyoiva sana, ukate managu au saga ndogo ndogo. Yai lipikwe hadi liive kabisa. Nyama au maini yasagwe, kwa maana humo mna madini ya chuma yanayojenga damu. Chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Kwa hiyo mtoto mchanga asipewe chai kamwe. Asali nayo ingoje mpaka atimize mwaka 1. Na mikono ioshwe kwa sabuni, ya anayelisha na ya anayelishwa.

Sasa niulize swali gumu. Yai la kuku wetu huenda wapi? Mara nyingi huenda sokoni, na pesa zake hununua sukari ya chai. Na kipande cha nyama huwekewa nani? Huwekewa baba. Mimi nilikuwa baba huyo. Tangu siku ile ya kliniki, kabla sijanyosha mkono wangu, nilimegea bakuli la mtoto kwanza. Baada ya miezi michache mstari ukaanza kupanda, nasi tukamshukuru Mungu.

Mpenzi msikilizaji, twaweza kumwombea mtoto usiku kucha, na asubuhi tukamnyima yai. Maombi na bakuli havigombani. Yairo aliomba, kisha akaambiwa alete chakula. Jioni hii, kabla ya kuomba mezani, tazama kwanza bakuli la mdogo kuliko wote.

Tuombe. Baba wa mbinguni, umetupa udongo mwema na mvua. Tusamehe tulipokula na kuwasahau wadogo. Wape akina mama nguvu, na akina baba moyo wa kugawa. Katika jina la Yesu. Amina.