Somo wa Kwenye Simu

Wasikilizaji wangu wa Pemba, na nyinyi mlio ng'ambo, leo nina maneno ya kike. Kina baba msiizime redio, maana simu nyingi mnanunua nyinyi.

Wiki iliyopita nilikuwa Wete kwenye shughuli ya harusi. Tumekaa uani, sufuria za pilau ziko motoni, sisi tunamenya vitunguu thomu. Bi mmoja akanisogelea, simu kaificha ndani ya kanga kama mtu anayepitisha noti. "Shoga, hebu nisomee hii." Binti yake ana miaka 12, amevunja ungo mwezi wa Maulidi. Wifi yake aliyeko Muscat kamtumia programu ya kuhesabia siku za hedhi, akamwambia mwekee mtoto, itamsaidia. Bi akaipakua. Ukurasa wa kwanza, wote Kiingereza, unauliza: lengo lako ni lipi, kufuatilia hedhi, kutafuta mimba, au kufuatilia ujauzito? Nilipomfasiria aliishika ile simu kwa vidole viwili kama aliyeokota kaa wa pwani. "Mimba! Na mtoto mwenyewe bado anacheza rede!"

Uwanja mzima ukacheka. Lakini vitunguu vilipokwisha, swali lake lilikuwa bado liko pale pale: basi ipi inamfaa mtoto?

Kuhesabu siku hatukufundishwa na simu. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi tunasomeshwa tangu chuoni: uchache wa hedhi ni usiku na mchana mmoja, wingi wake siku 15, na wanawake walio wengi hupata sita au saba. Baina ya hedhi na hedhi, tohara haipungui siku 15. Damu ikivuka mipaka hiyo ni istihadha, na hukumu yake nyengine. Kila mwanamke anatakiwa aijue ada yake, kwa sababu sala yake imo humo, saumu yake imo humo, na deni la siku za Ramadhani atakazolipa limo humo. Mwanamke wa kisiwa hiki asiyehesabu ni nadra. Hata bibi zetu wasiojua kuandika jina walikuwa na hesabu zao.

Mimi nilipovunja ungo mama yangu hakunambia neno. Haikuwa ada yao mama kuzungumza hayo na mwanawe. Alinitia buibui, akanipeleka kwa somo yangu, jirani yetu. Somo akanifundisha usafi, namna ya kukunja sodo, namna ya kuoga josho. Kisha akaingia ndani akatoka na kikopo kitupu cha poda na konzi moja ya karafuu kavu. Kila siku ya damu nitie karafuu moja. Nikitoharika nizihesabu, niandike kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati, nizimwage, ningoje mwezi mwengine. Mpaka leo msimu ukifika, karafuu zimeanikwa majamvini kando ya barabara, wenzangu wanawaza bei, mimi tumbo linanisokota.

Na akaniambia jambo moja nikiwa nimeshafika mlangoni: "Kikopo hicho, hata mama yako akikuuliza, mwambie kiko kwa somo."

Programu ya simu ni somo mpya anayeingia nyumbani. Kuhesabu anajua, tena bila ya kuchoka. Ninachotaka kujua mimi ni kama anajua kunyamaza.

Iko programu moja maarufu mno duniani, inaitwa Flo. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliandika kwamba Flo inaiarifu Facebook pale mtumiaji anapokuwa mwezini, au anapoonesha kwamba anataka mimba. Namna yake ni hii. Watengenezaji wa programu huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na makampuni makubwa na kuvipachika ndani ya programu yao, ili wajue watu wanaitumia vipi na watangaze vipi biashara. Kile kipande nacho kina bwana wake. Ukibonyeza "leo nimeanza", habari inakwenda kwa mwenye programu, na nyengine inakwenda kwa mwenye kipande. Januari 2021 chombo cha serikali ya Marekani kinachosimamia haki za wanunuzi, FTC, kikaituhumu Flo kwamba iliwaahidi wanawake siri kisha ikazitoa taarifa zao. Yakafanyika makubaliano. Flo haikukiri kosa, ila ikatakiwa ipate kwanza ridhaa ya mtumiaji kabla ya kumpa mtu taarifa za afya yake. Agosti 2025 jopo la mahakama huko California likaamua kuwa Meta, mwenye Facebook, alizikusanya taarifa hizo kinyume cha sheria ya faragha ya jimbo lile. Na Flo haikuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 2019 shirika la Privacy International lilizichungulia programu kadhaa za namna hii, likakuta moja iitwayo Maya inapeleka habari Facebook tangu pale unapoifungua, hata hujakubali masharti yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Lakini kata ya wahenga ilikuwa inaning'inia ukutani, haitoki nje ya nyumba. Kata hii ya leo inapita visima vya watu.

Najua atakuwepo anayesema: Facebook na mtoto wa Pemba wana nini? Tangazo la pedi limdhuru nini? Namuelewa. Na mimi nikiwa mkweli, si Facebook inayoninyima usingizi. Siri ya msichana wa huku haipotelei California, inapotelea ukumbini kwao.

Hebu tuitazame simu yenyewe. Ni ya mama. Asubuhi mama anaangalia pesa zake, mchana kaka anacheza mpira kwenye kioo, usiku baba anasikiliza mawaidha. Sasa katikati ya mpira linashuka tangazo juu ya kioo: hedhi yako inatarajiwa kesho. Kijana wa miaka 15 kalisoma. Kesho yake dada akisema tumbo linamuuma, yule kaka anacheka pembeni. Wallahi mtoto huyo hatagusa tena programu, na huenda asimwambie mama yake tena siku akiumwa kweli.

Kwa hivyo nilipoichukua ile simu ya bi uani pale, sikuanza na masharti ya faragha ya kurasa 30. Nilianza na arifa: zinazimika? Nikaendelea: ina neno lake la siri, mbali na lile la kufungulia simu? Inakubali jina la kubuni, au inadai barua pepe na namba? Inafanya kazi bando likiisha? Ile aliyotumiwa na wifi ilidai barua pepe, ikadai intaneti, na kila ukigeuza ukurasa inataka ulipie kwa kadi ya benki. Tukaifuta.

Iko nyengine ambayo UNICEF waliitengeneza kwa ajili ya wasichana hasa, inaitwa Oky. Ilianza mwaka 2020 Indonesia na Mongolia, na wasichana wenyewe walikaa na watengenezaji kusema wanataka nini. Baadaye ikavuka hadi Afrika, Kenya ikiwemo. Waliiunda wakijua kuwa simu ya nyumba ni ya watu wengi: kila msichana anaingia kwa jina lake la kubuni na neno lake la siri, inafunguka hata bila ya intaneti, na haina matangazo ya biashara. Sisemi haina ila. Nasema walioiunda walimfikiria mtoto mwenye kuazima simu, na huyo ndiye mtoto wetu.

Sasa kuna hili jengine ambalo naliona zito kuliko la siri. Nalo ni kuiamini simu kupita kiasi.

Dunia inaadhimisha Siku ya Hedhi tarehe 28 Mei. Tarehe imechaguliwa kwa makusudi: 28 ni siku za mzunguko, na Mei ni mwezi wa tano kwa ajili ya siku tano za damu. Ni wastani tu, kama tunavyosema Mpemba ni mvuvi. Msichana aliyevunja ungo mwaka huu hana habari na wastani huo. Madaktari wanasema katika miaka ya mwanzo mzunguko wake waweza kuwa siku 21, waweza kufika 45, naye ni mzima. Programu inakisia kwa kutazama tarehe zilizopita. Kama tarehe zenyewe ni mbili, inakisia kwa kubahatisha, kisha inakupa jibu kwa rangi nzuri kama kwamba ina hakika.

Nakijua kisa cha nyumba moja, na sitasema ya wapi. Mtoto wa miaka 13. Mama aliiweka programu kwenye simu yake mwenyewe, akawa anamuandikia binti tarehe. Siku moja ikatokea namba nyekundu: umechelewa siku 9. Mama hakuuliza. Alimfungia mtoto chumbani, akaita shangazi, shangazi akaja na kipimo cha mimba kutoka duka la dawa. Kipimo kikasema hakuna kitu. Hedhi ikaja wiki ya pili yake, kwa wakati wake. Yule mtoto mpaka leo akiulizwa tarehe anasema uongo.

Ndiyo maana nasema, na najua simu zitapigwa hapa studio: neno la siri la hesabu ile akae nalo mtoto. Mama ajue kwamba programu ipo, ajue na jina la programu. Tarehe aambiwe na mtoto, asizichungulie. Na zile siku ambazo programu inazipaka rangi na kuziita za kupata mimba au za salama, kwa msichana wa umri huu ni ramli. Kama zinaweza kufichwa, zifiche. Haziwezi kufichika, tafuta programu nyengine.

Kuna la kuandika, hata hivyo, ambalo hapa Pemba lina maana yake. Miaka ya 1990 watafiti walipima damu za watoto wa skuli za kisiwa hiki, wakakuta upungufu wa damu umeenea, na mkosaji mkubwa ni safura, wale minyoo wanaonyonya damu tumboni. Tangu hapo dawa za minyoo zimegaiwa skuli miaka na miaka. Sasa mfikirie msichana ambaye minyoo inamnyonya kwa ndani na hedhi inamtoka nyingi kila mwezi. Anasinzia darasani, anahema akipanda kilima, mwalimu anamwita mvivu. Huyu hesabu yake ni dawa. Damu ikizidi siku saba, pedi ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, au zikipita siku 90 bila ya kuona kitu, zile tarehe zichukuliwe ziende kwa daktari. Daktari hajali kama zimeandikwa kwenye simu, daftari, au nyuma ya mlango wa kabati.

Turudi uani Wete. Pilau imeiva, watu wanapakua, na bi yangu bado ana simu mkononi, Oky tumeshaitia ndani. Tukamwita mtoto. Akaja anajikunja na aibu, vidole vina unga wa maandazi. Nikamuonesha pa kuzimia arifa. Kuandika tarehe akajua kabla sijamaliza kusema. Kisha programu ikamuomba jina la kujiita, lolote, lisiwe lake. Akafikiri kidogo, akaandika harakaharaka kwa kidole gumba.

Mama akainama. "Umejiita nani?"

Mtoto akacheka, akaifunika simu kwa upindo wa kanga.